Nukta Ishirini na Nne za Darajani

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo yake kwa vitendo, msimamizi wa magari alimrushia Gia ufunguo kama alivyokuwa akimrushia kwa miaka kumi na mitatu. Aliudaka kwa mazoea, akautazama kidogo, kisha akaenda kuuweka juu ya meza ya msimamizi, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Gia, watafiti wa udongo wanakungoja nje," msimamizi akasema.

"Watanisamehe. Leo simpeleki mtu."

"Likizo yako si imekwisha?"

"Likizo ya masomo haijaisha. Nimekuja kama mwanafunzi. Ofisi ya ramani, ghorofa ya pili. Ngazi nitapanda mwenyewe, usijisumbue."

Msimamizi alicheka mpaka akakohoa. Gia hakucheka. Alipanda ngazi huku amebeba daftari jipya kwapani, kama mtoto anayeanza shule, ingawa alikuwa mama wa miaka arobaini na mitano mwenye mvi zilizoanza kujitokeza pembeni mwa uso.

Jina la Gia alipewa na abiria wake wa kwanza katika kile kituo cha utafiti wa misitu, kwa vile alibadilisha gia kwenye matope bila gari kushtuka. Jina likamganda. Hata mkurugenzi hakulijua jina lake la kuzaliwa mpaka siku alipoletewa barua ya likizo aisaini, akauliza, "Huyu ni nani?"

Kazi ya dereva wa kituo ni kuendesha saa tatu na kungoja saa sita. Watafiti huingia msituni na vifaa vyao, dereva hubaki na gari pale barabara inapokomea. Madereva wengine walilala, wengine walicheza karata. Gia alishindwa kulala mchana, na karata zilimchosha, kwa hiyo alizunguka karibu na gari akachuma majani. Watafiti wakirudi, aliwauliza: huu unaitwaje, na ule wenye utomvu mwekundu? Wengine walimjibu vizuri. Wengine walimjibu ili anyamaze. Yote aliyaandika nyuma ya fomu za mafuta zilizoharibika. Mwaka wa nane, akiwa kwenye usukani, alimsahihisha mtaalamu wa mimea aliyekuwa akichanganya miti miwili yenye gome linalofanana. Mtaalamu alikasirika, akafungua kitabu chake, akasoma, halafu akafuta alichokuwa ameandika. Siku hiyo Gia alijiambia kwamba kama kujua ndiko huku, basi hata yeye anaweza kulipwa kwa kujua.

Akarudi shule na miaka thelathini na tisa, masomo ya jioni. Mtihani wa sekondari aliufanya mwaka mmoja na binti yake, na binti ndiye aliyepata alama ya chini kwenye hisabati, jambo ambalo nyumbani kwao halitajwi mbele ya wageni. Baada ya hapo ikaja stashahada, na baada ya stashahada chuo kikuu. Mume wake ni kinyozi. Wateja walimwuliza kama haoni aibu mke mtu mzima kubeba madaftari. Yeye aliwaacha wamalize, kisha, wembe ukiwa shingoni mwao, akasema kwa upole, "Rudia, sikukusikia vizuri." Hakuna aliyerudia.

Chuo kiliwataka wanafunzi wote wa mwaka wa pili wafanye wiki kumi na mbili za kazi halisi. Gia angeweza kwenda popote. Alichagua kituo kilekile, tena idara ya ramani, ambako ndiko walikomwita sana awaendeshe kwa miaka yote ile. Binti yake alimwonya. "Mama, watakutuma maji." "Wakinituma maji," akamjibu, "watakunywa kiu yao."

Walimpa meza kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa ripoti ya zamani, na kompyuta iliyochukua muda wa kupika ugali kuwaka. Msimamizi wake alikuwa dada wa miaka thelathini na moja, mtaalamu wa ikolojia ya mandhari, aliyerudi na shahada ya uzamivu miaka miwili tu nyuma. Wote walimwita Daktari. Gia alikuwa amemwendesha akiwa bado mwanafunzi, akamshikia mfuko wa kutapikia kwenye kona za milimani. Sasa Daktari ndiye aliyekaa kando yake na kumwelekeza mkono.

"Mama Gia, usiifuate picha kama barabara," alisema. "Hapa hatuendi popote. Tunatenganisha. Msitu huku, shamba huku, nyasi kule. Ukifika mpaka, bonyeza. Mbele kidogo, bonyeza tena."

Picha zilipigwa kutoka angani, kwa satelaiti, na kila rangi ilitaka kusomwa. Msitu mnene haukuwa kijani kama Gia alivyotarajia. Kwenye kompyuta yao, iliyobadilisha rangi ili mimea ijitokeze, ulitokea mwekundu kama damu iliyoganda, na mashamba yakawa ya waridi. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani macho yakiwaka na kidole kimekakamaa. Wiki ya pili alianza kuona. Shamba la miti ya kupandwa lina mistari. Msitu wa asili una madoadoa, kwa sababu miti mikubwa hutupa kivuli juu ya midogo. Alijifunza pia maana ya kile walichokiita mandhari: kwamba msitu hauhesabiwi kwa ukubwa tu, unatazamwa umekatikakatika vipande vingapi, na kama ndege au mdudu anaweza kutoka kipande hiki akafika kile bila kufia njiani. Alilipenda hilo. Lilikuwa swali la njia, na njia alizijua.

Mkuu wa idara alipita mara moja kwa siku, mikono nyuma. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti nzuri, na aliyezoea kusikilizwa. "Gia," alisema akiwa mlangoni, "umeegesha wapi leo?" Watu wa chumba cha jirani wakacheka. Mwanafunzi mwenzake, msichana waliyemwita Kipaza kwa sauti yake, hakucheka, ila aliinama. Siku ya nne ya utani huo Gia alijibu bila kuinua macho. "Nimeegesha hapa, Mkuu. Breki ya mkono nimevuta." Baada ya hapo Mkuu alipunguza utani, akaongeza kazi.

Kazi ya wiki ya tano ndiyo iliyoleta haya yote. Gia alipewa ramani mbili za eneo moja: moja ya miaka tisa iliyopita, iliyotengenezwa na Mkuu mwenyewe kabla hajawa mkuu, na nyingine mpya. Alitakiwa aziweke moja juu ya nyingine, kompyuta ioneshe msitu uliopotea. Palipopotea pangewaka rangi nyekundu ya matofali. Alibonyeza, akangoja. Palitokea vidoa hapa na pale, kama ilivyotarajiwa. Halafu juu ya kilima kimoja, upande wa pili wa mto, likatokea bonge la rangi, hekta mia tatu na arobaini, limekaa kama jeraha.

Kipaza akachungulia. "Duh. Watu wa huko wamefyeka kweli."

Gia aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa amekitambua kilima.

Miaka tisa nyuma aliwapeleka watafiti watatu huko, Mkuu akiwa kiongozi wao. Mwaka ule wingu lilikaa juu ya kilima katika kila picha ya satelaiti, kwa hiyo njia ya pekee ilikuwa kupanda na kuandika kwa macho: nukta ishirini na nne zilizotawanywa juu, kila moja ifikiwe, ioneshwe ni msitu, nyasi au shamba. Walipofika darajani mvua ilianguka kama imefunguliwa bomba. Walikaa ndani ya gari, wakala mkate. Mvua haikukatika. Mwisho Mkuu akatandika fomu juu ya goti, akatazama kilima kupitia kioo kilichojaa ukungu, akasema, "Huko juu ni msitu tu, nani asiyeona," akaandika msitu mara ishirini na nne. Wakati wa kurudi akamwambia Gia aandike kwenye fomu ya safari kwamba gari lilifika juu. Gia akaandika. Akasaini. Binti yake alikuwa na homa nyumbani, na yeye alitaka kurudi tu.

Sasa fomu ile ilikuwa imekuwa ramani, na ramani ilikuwa imekuwa ushahidi kwamba kuna watu wamekata msitu.

Siku tatu alinyamaza. Siku ya tatu jioni alikwenda kwenye duka la kunyolea la mumewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote huku mume akifagia nywele.

Mume akaegemea ufagio. "Ukisema, unamvua nguo Mkuu. Na wewe mwenyewe unabaki na ya ndani tu, maana sahihi ni yako."

"Najua."

"Na barua ya kukurudisha kazini baada ya chuo, nani anaisaini?"

"Yeye."

"Basi kaa kimya, ni miezi miwili. Ukishapata cheti chako, sema mpaka ukauke koo." Akaendelea kufagia, akasita. "Lakini nakujua. Umekuja kuniaga tu, hukuja kuniuliza."

"Nimekuja kukuuliza," Gia akasema. "Jibu lako ndilo silitaki."

Kesho yake alifunga mlango wa stoo na kumwambia Daktari. Daktari alisikiliza, uso ukimbadilika. Ripoti ilikuwa imeshapangiwa tarehe. Zaidi ya hapo, kwa hesabu za awali za idara, barua ilikuwa imetoka mwezi uliopita kwa watu wa kilima wakitakiwa waondoe mifugo yao, kwa kuwa eneo ni msitu ulioharibiwa na linatakiwa lipandwe miti upya.

"Una ushahidi gani?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa dereva, Mama Gia."

Hakulisema kwa dharau, lakini lilichoma vilevile. Gia akavuta pumzi. "Haya. Niambie mtaalamu angetaka nini, nikakilete."

Daktari alizungusha kalamu. Hatimaye alivuta kompyuta, akaiacha ichague nukta thelathini juu ya kilima bila kuchaguliwa na mtu. "Zote zifikiwe," akasema. "Ikiwa moja iko katikati ya miiba, ingia kwenye miiba. Tafuta visiki. Msitu ukifyekwa huacha visiki, huacha mashimo ya mkaa, huacha miche inayochipua. Chimba. Piga picha. Na usimwambie mtu yeyote unatafuta nini, hata Kipaza."

"Kipaza ndiye wa mwisho ningemwambia," Gia akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile wote wawili wakatabasamu.

Walipanda siku mbili, Gia na Kipaza, wakiacha gari na dereva mpya darajani. Njia ya gari ya zamani ilikuwa imemomonyoka, imebaki ya mbuzi. Magoti ya Gia yalilalamika tangu mwanzo, na kifaa cha GPS kilikuwa kikisema mita mia mbili wakati miguu inasema elfu. Huko juu msitu uliishia ghafla kama umekatwa kwa mkasi, na mbele yao ukafunguka uwanda wa nyasi, upepo ukizilaza na kuziinua. Chini ya nyasi udongo ulikuwa mwembamba. Mahali pengine mwamba ulijitokeza mtupu, laini kama mgongo wa kiboko.

Kwenye nukta ya sita walimkuta mama mmoja akichunga ng'ombe kumi na mmoja. Alikuwa wa umri wa Gia, mwenye buti za mpira na koti la mwanaume. Aliwatazama wakipima, akaja moja kwa moja.

"Nyie ndio wa ile barua?"

"Sisi ni wanafunzi," Kipaza akasema haraka.

"Barua inasema tumekata msitu hapa." Aliitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika. "Mimi nimezaliwa kule chini kwenye yale mabati. Nimechunga hapa tangu sijaota meno ya ukubwani. Nioneshe nilipokata. Nioneshe kisiki kimoja, hawa ng'ombe wote nakupa."

Gia alitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno, akayameza, kwa sababu alichokuwa nacho bado kilikuwa maneno tu, na mama huyu alikwisha kuletewa maneno ya kutosha. Akasema, "Dada, hicho kisiki ndicho ninachokitafuta. Nisaidie kukitafuta, na tusipokipata nitaandika kwamba hakipo."

Mchungaji akamtazama kwa muda. "Wenzako hawajawahi kufika huku," akasema. "Huishia darajani."

"Najua," Gia akasema, na masikio yakamwaka moto.

Walitafuta pamoja. Nukta zote thelathini walizifikia, mbili kwa kutambaa chini ya miiba iliyomchana Gia mkono mpaka kwenye kiwiko. Hapakuwa na kisiki, wala shimo la mkaa. Walichokipata kilikuwa kigeni zaidi. Katikati ya nyasi kulikuwa na vijiti vifupi vyenye majani mapana, visivyofika magotini, vimesimama kwa vikundi kama vimepandwa jana. Gia alikumbuka jambo alilolisoma, akachukua jembe dogo akachimba. Chini ya kijiti chembamba kama penseli palikuwa na mti mzima uliolala: shina nene kama paja la mtu, limetambaa ardhini, jeusi kwa moto wa miaka mingi, na vijiti vile vyote vilikuwa matawi yake. Miti ya namna hii hujificha chini, moto na ng'ombe vikapita juu yake, nayo huongeza unene kidogo kidogo kwa miongo mingi. Kivuli cha msitu huiua. Kama huu ulikuwa hapa na unene huu, basi jua lilikuwa likipiga hapa kabla Mkuu hajazaliwa.

"Kumbe ndiyo maana jembe hugonga," mchungaji akasema, akiinama kutazama. Alikuwa ameishi juu ya mti huo maisha yake yote.

Waliporudi, Gia aliomba ruhusa ya kuingia chumba cha picha za zamani, chumba chenye makabati ya droo pana ambacho hakuna aliyekifungua tangu kompyuta zije. Alipekua siku nzima, vumbi likimpandisha chafya, mpaka akapata picha zilizopigwa kwa ndege zaidi ya miaka arobaini nyuma, nyeusi na nyeupe. Alizilaza chini ya miwani ya kutazamia picha mbili pamoja, akasubiri macho yazoee. Ardhi ikainuka. Msitu ukatokea wenye chembechembe kama choroko zilizomwagwa. Kilima kilikuwa laini, cheupe, kipara. Mpaka wake ulikuwa uleule aliokanyaga juzi.

Akamwita Daktari aje atazame. Daktari aliinama juu ya miwani muda mrefu sana. Alipoinuka alikuwa na alama mbili nyekundu usoni. "Ijumaa utawasilisha wewe," akasema. "Mimi nitakaa karibu."

Kikao cha Ijumaa kilikuwa na watu kama ishirini, na wiki ile mkurugenzi alihudhuria. Gia alivaa gauni lake la kijani aliloliweka kwa harusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa na hofu, anasema. Hofu ilimjia pale alipoona kikombe cha Mkuu kimewekwa mbele, karibu naye kabisa. Alionesha ramani mbili. Akaonesha bonge la rangi. Alipofika kwenye picha ya mti wa chini ya ardhi, Mkuu akainua mkono.

"Kabla hujaendelea. Ramani ya miaka tisa iliyopita ilihakikiwa kwa nukta ishirini na nne. Unasema zote zilikosea?"

"Nasema hazikufikiwa."

Mkuu akasogeza kikombe chake kando.

"Na wewe katika safari ile ulikuwa nani?"

"Dereva."

"Dereva anajua nini kuhusu nukta za utafiti?"

"Anajua gari lilifika wapi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mkuu hakupandisha sauti. Alikuwa amejiandaa, alifungua jalada, akatoa karatasi ya manjano. "Hii ni fomu ya safari. Inasema gari lilifika juu. Sahihi ya nani hii?"

Gia aliisogelea karatasi ingawa hakuhitaji kuisoma. "Yangu," akasema. "Niliandika uongo. Wewe ulisema niandike, na mimi sikukataa, kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani. Kosa hilo ni langu, na asubuhi hii nimempelekea mkurugenzi barua ya kulikiri. Nipeni adhabu yake, nitaibeba. Lakini hata mkinifukuza leo, kilima hakitaota msitu wa jana."

"Huyu mama ana chuki binafsi," Mkuu akawaambia wengine. "Amekaa nje ya milango yetu miaka mingi, sasa ameingia anataka kutuonesha."

"Kukaa nje nimekaa," Gia akasema. Alishika mikono nyuma ya gauni. "Ndiyo maana najua nani aliingia na nani hakuingia. Mkuu, mimi sijaja kukutukana. Tuchukue gari, wewe na mimi na yeyote anayetaka, twende leo. Kuna mchungaji huko juu ameahidi ng'ombe kumi na mmoja kwa kisiki kimoja. Ukikipata, mimi nitaacha chuo."

Mkuu alikunja karatasi yake. Hakusema atakwenda. Mkurugenzi ndiye aliyesogea mbele. Aliomba aoneshwe picha ya zamani, akaondoa miwani yake, akainama juu ya ile ya kutazamia. Alipoinuka alimwuliza Daktari swali moja tu, kama nukta thelathini zimefikiwa zote. Daktari akasema ndiyo, na kwamba anaweka sahihi yake chini ya kila moja.

Haikuisha kwa makofi. Wiki mbili baadaye hesabu ya hekta mia tatu na arobaini iliondolewa kwenye ripoti kimyakimya, na kilima kikaandikwa kwenye ramani mpya kwa jina lake la haki, uwanda wa nyasi wa asili. Barua ya kuwaondoa wafugaji ilifutwa kwa barua nyingine fupi isiyoomba radhi. Gia aliipandisha nakala yake mwenyewe mpaka kwa mchungaji, siku ya mapumziko, kwa miguu kutoka darajani. Mchungaji aliisoma mara mbili, akauliza, "Hawakuandika samahani?" Gia akasema hawakuandika. "Basi na mimi sitaandika asante," mchungaji akasema, akamkaribisha maziwa.

Gia alipewa onyo la maandishi kwa ajili ya fomu ya safari. Mkuu hakupewa kitu. Aliendelea kupita mikono nyuma, ila hakusimama tena mlangoni mwa stoo. Wiki ya mwisho ya mafunzo ilikuwa zamu yake kujaza sehemu ya tabia katika fomu ya chuo. Daktari alikuwa amempa Gia alama za juu za kazi. Mkuu akampa za chini kabisa zinazoruhusiwa, na kwenye nafasi ya maoni akaandika neno moja: *Hashauriki.* Na nafasi ya udereva, akaongeza kwa mdomo, imekwisha kujazwa.

Binti yake alilia kwa hasira. Alitaka wakate rufaa, waende chuoni, wapige kelele. Gia alikataa. "Neno lenyewe ni la kweli," akasema. "Mimi nitabishana na uongo, sitabishana na ukweli." Mume akasema atalichapa kwenye fulana, akanyamazishwa.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Alimaliza shahada akiwa wa kumi na saba darasani, wala hakuona haya kuwa wa kumi na saba. Katika miezi hiyo aliendesha gari la kukodi la mikate alfajiri ili nyumba isiyumbe, akatuma maombi sehemu tisa, akajibiwa na mbili. Kwenye usaili wa pili, katika ofisi ya mabonde na malisho ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kituo, mwanamke aliyekaa katikati ya meza alipekua karatasi zake hadi akafika kwenye fomu ile ya mafunzo. Gia alikuwa ameiweka mwenyewe, ya pili kutoka juu.

"Hapa imeandikwa hashauriki."

"Ndiyo."

"Wengi wangeificha."

"Ningeificha ningekuwa nimewadanganya mapema. Bora mnikatae mkijua."

"Ulishauriwa nini ukakataa?"

"Kunyamaza," Gia akasema, akawaeleza kilima, daraja, mvua, na sahihi yake mwenyewe. Hakuruka sehemu ya sahihi. Wale watatu walimsikiliza bila kuandika. Mmoja wao alimwuliza kama angefanya hivyohivyo dhidi yao. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba ingetegemea wamefika wapi na gari.

Walimwita baada ya siku kumi na sita. Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Sasa ni mwaka wa tatu yuko pale. Anachora ramani za malisho, na nukta zake zote huzifikia kwa miguu, magoti yakiwa yamefungwa bandeji. Daktari humpigia simu anapokuwa na picha asiyoielewa, na siku hizi humwita Gia tu, bila mama mbele. Amekwisha kugombana na wakubwa wawili huko kazini. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na haki, na Gia hulikubali hilo kwa shida sana.